Baada ya Mtihani wa Kisomo



Septemba 8, Kanisa likiadhimisha Kuzaliwa kwa Bikira Maria, ulimwengu nao huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Kisomo, iliyoanza mwaka 1967. Juma hili Halmashauri ya Walei imeniuliza kama darasa la watu wazima la parokia lifungwe, maadamu wanafunzi wengi sasa wanajua kusoma.

Jibu langu linategemea neno hilo "kujua". Wazee watakumbuka mtihani wa kisomo wa taifa wa Agosti 1975. Uliwapanga watu katika hatua nne: aliyefikia ya tatu alisoma sentensi fupi, wa nne alisoma kwa ufasaha na kuweka hesabu ndogo ndogo. Wasiojua kusoma walikuwa wamepungua kutoka asilimia 67 hivi mwaka 1967 hadi 39. Mwaka huo huo vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ili aliyefuzu kisomo apate mahali pa kwenda. Hilo ndilo linalonivutia zaidi ya asilimia. Kupima bila kufungua mlango unaofuata ni sawa na kumpima mtoto uzito kliniki, kisha kumrudisha nyumbani na njaa yake.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alianza Kilatini mjini Barcelona mwaka 1524, mtu mzima aliyepita miaka 30. Baada ya miaka miwili mwalimu wake alimwambia anaweza kwenda kusoma Alcalá. Hakutosheka, alitaka mwanateolojia amtahini pia. Hata hivyo, alipofika Paris mwaka 1528 aliona msingi wake ni dhaifu, akarudi kusoma sarufi pamoja na watoto. Naye alikuwa askari, mwenye majivuno ya kiaskari!

Mama mmoja wa darasa letu sasa husoma somo la kwanza Misani bila kusita. Anatamani sekondari kwa njia huria, ila hesabu za sehemu zinamshinda. Daftari letu lingesema tu kwamba amehudhuria.

Kwa hiyo darasa halitafungwa. Nimewaomba walimu waandike, kwa kila mwanafunzi, anachoweza, anakotaka kwenda na kinachompungukia. Mwalimu wa hisabati, hasa mstaafu, anaombwa kufika ofisini Jumapili baada ya Misa ya pili.