Jina la Mshindi, Ulimi wa Mshinde

Katika karne ya 19 Wangoni waliingia Songea, wazao wa wahamaji wa kusini mwa Afrika, wachache wenye mikuki, wakawatawala Wandendeule wa Namtumbo. Vijana walioshindwa walitiwa jeshini, nao wakaitwa Wangoni. Lakini washindi walioa wenyeji, na mtoto hufuata ulimi wa mamaye: Kingoni cha Songea leo ni ndugu ya Kindendeule na Kimatengo, si ya Kizulu. Baadaye Wangoni wengi wakashika Ukatoliki wa Peramiho. Wandendeule wengi wakashika Uislamu uliotoka pwani, na jina lao hawakuliacha. Si damu iliyowatenga, kwani ilikwisha changanyika. Ni kumbukumbu ya kutawaliwa. Visiwani nako watu huulizana asili. Heri waulizane kwanza: jina hilo ulilichagua, au ulipewa na aliyekutawala?