Ufa Chini ya Niru

Mama yangu alianguka uani kwangu asubuhi ya Jumapili moja ya masika, alipokuwa akitoka barazani kwenda bombani, umbali usiozidi hatua kumi na tano. Ncha ya bakora yake iliingia chini ya ganda la saruji lililokuwa limebanduka, ganda likainuka, naye akaangukia mkono wa kulia. Mfupa ulivunjika karibu na kiganja, akafungwa plasta ngumu kwa wiki sita. Majirani na ndugu waliokuja kumjulia hali walisema, kama ilivyo desturi yetu, kwamba ni mapenzi ya Mungu. Nami niliitikia. Lakini moyoni nilijua kwamba ganda lile halikuwekwa na Mungu. Niliagiza liwekwe mimi, na fedha ya kulipia ilitoka mfukoni mwangu.

Naomba nieleze ilivyokuwa, kwa sababu nimekuwa nikiandika katika ukurasa huu juu ya makosa ya wakubwa, na si haki kuficha la kwangu.

Ua wa nyumba yangu una sakafu ya zege tangu langoni, mahali gari linapoingilia, hadi kwenye ngazi za baraza. Ilimwagwa zamani, na kwa miaka mingi haikunidai kitu. Kisha ukatokea ufa mmoja mwembamba kama uzi wa cherehani, ukafuatwa na mwingine, na hatimaye kona moja iliyo karibu na baraza ikaanza kudidimia. Miezi mitano kabla ya mama kuanguka, tulikuwa tunatarajia wageni wa posa ya binti yetu. Nikamwita fundi kijana. Aliikagua sakafu, akaigonga kwa kisigino cha kiatu, akaniambia kwa adabu: "Mwalimu, hapa chini pana uwazi. Tukipaka niru juu yake haitakaa." Nilimjibu kwamba wageni wanakuja Jumamosi, anifanyie kitu cha kupendeza macho, mengine tutayaona baadaye. Alifanya kazi kwa siku mbili. Ua ukang'aa. Wageni wakasifu, picha zikapigwa, nami nikapokea pongezi za kazi ambayo nilikwisha kuonywa kwamba haitadumu.

Nimefundisha kwa zaidi ya miaka ishirini tofauti ya dalili na chanzo. Nimewaandikia wanafunzi kwa wino mwekundu pembeni mwa insha zao: "Umeeleza dalili, chanzo ki wapi?" Fundi yule aliniuliza swali hilohilo, na jibu langu lilikuwa ni tarehe ya sherehe.

Baada ya mama kutoka hospitali nilimtafuta fundi mwingine, mzee aliyefanya kazi ya zege tangu ujana wake. Siku ya kwanza alikuja na nyundo tu. Alimwamkia mama, akampa pole, kisha akaanza kutembea uani polepole huku akigonga sakafu kila baada ya shubiri mbili, ameinamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Palipo pazima, nyundo ilitoa mlio mkavu na mkali. Penye ugonjwa, mlio ulikuwa mzito na wa mvumo, kama wa debe tupu. Kila sehemu ya namna hiyo aliizungushia mstari wa chaki. Alipomaliza, ua ulikuwa kama ramani ya nchi nisiyoifahamu, ingawa nilikuwa nimeikalia muda wote huo.

Akanieleza kwamba sakafu yangu ina magonjwa matatu, na kila moja lina dawa yake. La kwanza ni la ngozi: uso umechakaa na kumomonyoka, lakini zege lililo chini yake ni zima. Hapo panatosha kukwaruza, kusafisha na kuweka tabaka jipya. La pili ni nyufa zilizokwisha kutulia, ambazo pande zake mbili ziko usawa mmoja. Hizo hufunguliwa na kujazwa. La tatu ni pale upande mmoja wa ufa umeshuka kuliko mwenzake. Hapo, alisema, kosa haliko kwenye zege. Liko kwenye ardhi, na hakuna tabaka lolote la juu litakaloizuia ardhi isiende inakotaka kwenda. Sehemu hiyo huvunjwa.

Kisha hakugusa sakafu. Aliinua macho akatazama bati. Mfereji wa paa ulikuwa umekatika juu ya kona ileile iliyodidimia, na kwa misimu kadhaa ya mvua maji ya nusu ya paa yalikuwa yakimwagika mahali pamoja, yakipenya ufani na kuusomba udongo kidogo kidogo. Tulipovunja kona ile tulikuta tundu ambalo mkono uliingia hadi kiwiko. Zege lilikuwa limening'inia juu ya hewa. Niru yangu, unene wake haukufika hata upana wa kidole, ilikuwa imekaa juu ya hilo zege lililoning'inia, ikituambia sote kwamba mambo ni mazuri.

Kazi ya kwanza, basi, ilikuwa ni mfereji wa paa. Ya pili ilikuwa ni kuchimba, kujaza moramu kwa matabaka na kuishindilia kila tabaka kabla ya kuweka lingine. Ndipo zege jipya likamwagwa, unene wa sentimita 10, likiachiwa mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita ili maji yaende mbali na ukuta. Mzee alikata na mistari ya kuachanisha sakafu vipande vipande. Nilipomuuliza kwa nini anaipasua sakafu ambayo tunajaribu kuiponya, alicheka. Zege hunywea linapokauka na hutanuka kwa joto, alisema. Lazima litapasuka mahali fulani, na fundi mwenye akili hulichagulia mahali.

Kwenye nyufa zilizotulia alitumia tindo kupanua mdomo wa ufa, akihakikisha kwamba chini ni papana kuliko juu ili kijazo kisichomoke. Alipiga brashi ya waya, akaosha vumbi lote, akaiacha sakafu ikiwa na unyevu lakini bila maji yaliyotuama. Halafu alipaka uji mzito wa saruji na, kabla haujakauka, akashindilia mchanganyiko mkavu kiasi wa saruji na mchanga. Kijana mmoja aliyekuwa akimsaidia alitaka kuongeza ndoo ya maji ili mchanganyiko uwe laini kwa mwiko. Mzee alimzuia. Maji yanayorahisisha kazi ya leo, alimwambia, ndiyo yanayoipunguzia nguvu sakafu ya kesho. Sidhani kama alipata kulisikia jina la Duff Abrams, mtafiti wa Chicago aliyechapisha mwaka 1918 kanuni kwamba kadiri maji yanavyozidi kulinganishwa na saruji ndivyo nguvu ya zege inavyopungua. Lakini kanuni alikuwa nayo mikononi.

Mwisho alifunika kazi yote kwa magunia na kutuagiza tuyamwagilie maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Mama, mkono wake ukiwa bado kwenye plasta, aliichukua kazi hiyo kuwa yake. Alikaa barazani na kuwaamuru wajukuu: "Pale pamekauka, mwanangu, pamwagilie." Kwa siku hizo saba hakuna aliyepita uani. Gari lilikaa nje. Ilikuwa ni adha, na haikuwa na picha ya kupiga.

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunaitaja methali hiyo katika hotuba, katika risala na katika mitihani ya Kiswahili. Lakini mimi niliuziba ufa. Niliuziba kwa haraka, kwa fedha na kwa sherehe, na bado mtu aliumia. Methali inatuhimiza kuwahi. Kazi ya kuuliza ni nini kilichoupasua ukuta imeachwa kwetu. Na kuziba bila kuuliza kuna hatari ambayo ufa ulio wazi hauna: ufa ulio wazi mama aliuona na kuukwepa kwa miaka yote ile. Alichokanyaga ni ufa ulioambiwa kwamba umepona.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwanafunzi wangu mmoja. Alikuwa akitumia kiti cha magurudumu, na muhula mzima alichelewa kipindi cha saa mbili asubuhi. Siku moja nilimuuliza mbele ya wenzake, kwa sauti ambayo leo naionea haya, iwapo anadhani elimu humsubiri mtu. Alinijibu kwa utulivu kwamba njia ya zege itokayo bweni ina vipande viwili vilivyoinuliwa na mizizi ya mwembe. Hawezi kupita, hivyo huzunguka kwa barabara ya magari. Nilikwenda kuiona. Ni njia niliyokuwa nikiipita kila siku, nikiruka kile kimo bila hata kukitambua. Wiki chache baadaye chuo kilitarajia mgeni rasmi. Kingo za njia ile zilipakwa chokaa nyeupe, viraka vya saruji vikabandikwa kwenye kile kimo, na mizizi ikaachwa ilivyokuwa. Mvua ziliponyesha viraka vilibanduka. Mwanafunzi aliendelea kuzunguka hadi alipohitimu.

Nchi yetu haikosi sheria juu ya jambo hili. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo na huduma za umma zifikike na watu wote. Wala wazo la kutenga fedha kwa ajili ya matengenezo si geni kwetu: Mfuko wa Barabara ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kuelewa kwamba barabara isiyokuwa na fungu lake la matengenezo hufa huku tukizindua nyingine. Tatizo, nadhani, liko katika kile tunachokipigia makofi. Nimehudhuria hafla nyingi za uzinduzi. Sijapata kuona utepe ukikatwa kwa ajili ya mfereji uliozibuliwa, wala jiwe la msingi likiwekwa juu ya udongo ulioshindiliwa vizuri. Kazi iliyo bora zaidi katika ukarabati hufukiwa, na anayeifanya hana cha kuwaonyesha wageni.

Kwa hiyo mtumishi wa umma anayepewa siku tatu kutengeneza njia ya waenda kwa miguu kabla ya ziara hayuko mbali na yule fundi wangu kijana. Pengine naye ameigonga sakafu na kusikia mlio wa debe. Pengine amesema, na akaambiwa kwamba mengine yataonekana baadaye. Tumezoea kumlaumu fundi pale ganda linapobanduka. Fundi wangu hakunidanganya. Alisema kweli, nami nikamlipa aifunike.

Nawaandikia haya wanafunzi wangu ambao kesho watakuwa maofisa mipango, wahandisi wa halmashauri na waandishi wa ripoti. Mtakapoletewa ombi la ukarabati, ulizeni maswali ya yule mzee kabla hamjauliza bei. Je, sakafu imegongwa? Maji yanatoka wapi? Ni sehemu ipi inahitaji ngozi mpya tu, na ni ipi lazima ivunjwe? Nani atamwagilia kwa siku saba baada ya mkandarasi kuondoka? Nanyi wanaharakati, mnapodai njia, dai lenu lisiishie kwenye njia kujengwa. Rudini baada ya masika mbili na nyundo mkononi.

Ua wangu leo haupendezi kama ulivyopendeza siku ya posa. Zege la zamani ni la kijivu kilichofifia, kona mpya ni nyeupe kidogo, na nyufa zilizojazwa zimeacha mistari myeusi. Shemeji yangu alipotutembelea alinishauri nipake niru juu ya vyote ili rangi iwe moja. Kabla sijajibu, mama alimwambia aache. Kisha akashika bakora yake kwa mkono wa kushoto, kwani wa kulia haujarudi nguvu, akaenda bombani. Alipofika kwenye kona alisimama, akaigonga mara mbili kwa ncha ya bakora, akasikiliza, akapita.