Herufi za Mabehewa ya Maboksi

Behewa la mizigo lisilo na maandishi ni boksi tu lenye magurudumu. Hayo ni maneno ya mtoto wa marehemu kaka yangu, mwenye umri wa miaka 13, tunayemlea hapa Mbozi Mission. Kwa zaidi ya mwaka sasa anaunda mabehewa kwa maboksi ya dukani, na magurudumu huyakata kwenye ndala zilizochakaa. Kila sentimita 50 za reli ya TAZARA kwake ni sentimita moja. Kwa kuwa upana wa reli hiyo ni milimita 1,067, magurudumu yake huachana kwa milimita 21, na hakubali pungufu.

Baba yake alikuwa mpakizi wa mizigo katika stesheni ya Vwawa. Aliacha daftari dogo lenye namba za mabehewa aliyoyapakia. Mtoto anataka namba hizo hizo ziwe ubavuni mwa mabehewa yake, pamoja na herufi za mwenye behewa. Maana reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, huungana na reli ya Zambia kule Kapiri Mposhi kwa upana ule ule, na behewa huweza kufika mbali na wenyewe. Shemeji alihofia kuwa kazi hii inaurudisha msiba nyumbani kila jioni. Mimi niliona vingine, nikamwomba atupe muda.

Ulaya, waundaji wa treni ndogo hununua herufi zilizokwisha kuchapwa. Ziko zinazolowekwa zikateleza kutoka kwenye karatasi yake, na ziko zinazosuguliwa kwa ncha butu zikahama. Hizi za kusugua kampuni ya Letraset ya London ilianza kuziuza mwaka 1961. Hata zingeletwa kwetu, nani angechapa namba za daftari la mpakizi mmoja?

Tukaanza na njia ninayoijua. Mbozi ni nchi ya kahawa, na aliyeona magunia yakiandikwa anakijua kile kibao kilichotobolewa herufi. Hata mikeka na jeneza la msikiti wetu tumeviandika hivyo. Lakini herufi ya sentimita 30 kwenye behewa la kweli huwa milimita 6 kwa kipimo cha mtoto. Kutoboa O ya milimita 6 kwa wembe ni kutafuta kidonda, na kitovu chake hudondoka kisipoachiwa kijidaraja cha kukishika.

Basi akazichora kubwa, za milimita 48, kwa rula na kalamu nyeusi. Mwenye mashine ya fotokopi akazipunguza kwa nusu mara tatu: 24, 12, 6. Kila kupunguza kulimeza kasoro za mkono. Wino wa fotokopi ni unga unaoyeyushwa kwa joto juu ya karatasi. Maji hayauondoi, bali huilainisha karatasi. Tulibandika selotepu juu ya maandishi, tukaikandamiza kwa mgongo wa kijiko, tukailoweka katika maji ya uvuguvugu, kisha tukaisugua karatasi kwa kidole hadi ikaisha. Herufi zilibaki kwenye selotepu, tayari kubandikwa. Mwenye printa ya wino wa maji asijisumbue, atabaki na maji machafu tu.

Ikaja shida ya behewa jeusi, kwa kuwa mashine haina wino mweupe. Hapo mtoto alinipita. Alipaka weusi pembezoni mwa herufi na kuziacha herufi zenyewe tupu, akatoa fotokopi, akakata ubavu mzima na kuubandika kwa gundi. Hakuna kilichohamishwa, na weupe ni wa karatasi yenyewe.

Daftari lina namba 11, naye amemaliza nne. Ya tano ilikuwa na tarakimu iliyolowa maji zamani. Mimi niliisoma 3, yeye 8, akaacha nafasi wazi kwa siku kadhaa. Shemeji, aliyekuwa akichagua mchele karibu yetu, akaomba daftari, akalisogeza kwenye taa. Akasema ni 8, kwani marehemu alianzia 8 zake chini, na mkia wa kalamu bado unaonekana. Kisha akafungua kurasa nyingine, akaanza kumsomea mwanawe zilizobaki.