Iyumbu: Nyumba inayohesabu mvua nne kupata bustani yake

DODOMA. Ukishuka kwenye bodaboda mtaa wa Iyumbu mwezi Septemba, mwenyeji wa kwanza kukupokea ni upepo. Unapita juu ya viwanja ambavyo bado havijajengwa na kubeba vumbi mpaka sebuleni. Nyumba nyingi hapa ni mpya. Zina kuta za tofali, bati la rangi na geti, lakini mbele yake ni udongo mtupu.

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ila ni baada ya agizo la mwaka 2016 ndipo watumishi wengi walipofungasha virago kutoka Dar es Salaam. Wengi waliojenga walimalizia akiba yao kwenye paa. Nje ya nyumba wakasema watapashughulikia baadaye.

Katika nyumba moja yenye kiwanja cha mita 20 kwa 30, hiyo “baadaye” imegawanywa katika mvua nne. Mpango umechorwa kwa penseli kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la hesabu la mtoto wa kwanza. Unaonyesha nyumba, choo, shimo la maji taka, bomba, na mishale ya mahali maji ya mvua yanakopitia.

Familia haihesabu kwa miezi, kwa sababu Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia karibu Desemba hadi Aprili. Anayechelewa kupanda anasubiri mwaka mzima, au anabeba ndoo kila jioni kupigana na kiangazi.

Walianza na mwisho

Mchoro huo ulikuja baada ya kosa. Mwaka wa kwanza baba alianza na pevingi kutoka getini hadi barazani, ili wageni wakute pamependeza. Mvua ya Januari iliposhuka, maji hayakupata pa kuzama. Yakakimbia juu ya pevingi, yakaingia jikoni na mengine yakaelekea kwenye ukuta wa jirani. Mwezi uliofuata fundi bomba akazing'oa ili apitishe bomba la tangi. Fedha ya pevingi ikawa imeliwa mara mbili.

Hilo lilivumilika. Lililowatikisa ni shimo.

Lilichimbwa kwa ajili ya tangi la chini, kisha fedha zikaisha. Likabaki wazi pembeni ya nyumba na mvua ikalijaza. Asubuhi moja mtoto wa miaka mitatu aliufuata mpira wake hadi huko. Bibi, aliyekuwa anaanika nguo, alisikia mlio wa maji bila kusikia sauti ya mtoto. Alimshika kwa fulana na kumvuta.

Mtoto alikohoa na kulia, akapelekwa kituo cha afya, akarudi salama. Siku mbili baba na mama watoto hawakuzungumzia bustani. Siku ya tatu bibi ndiye aliyevunja ukimya. Aliwaambia wanawe kwamba wao wanafikiria siku ya kuanza kazi na siku ya kumaliza, lakini watoto wanaishi katika siku zote za katikati.

Kanuni ya bibi

Tangu hapo nyumba hiyo ina kanuni moja: hakuna awamu inayoanza kama fedha ya kuifunga haipo. Kufunga maana yake ni kwamba hata kama fedha itakatika kwa mwaka mzima, mtoto anaweza kucheza hapo bila kuumia. Shimo limefukiwa au lina mfuniko mzito. Mfereji una mteremko unaotoa maji yote, kwa kuwa yakituama kwa wiki moja au mbili yanatosha kuzalisha mbu. Nondo na misumari havilali uwanjani.

Shimo la tangi lilifukiwa wiki hiyohiyo. Mvua ya kwanza ikabaki na kazi mbili tu: mfereji wa kutoa maji, na miti. Miti hutangulia kwa kuwa haiharakishwi kwa fedha. Miarobaini miwili ilipandwa upande wa magharibi, ambako jua la alasiri huchoma chumba cha watoto, mbali na msingi wa nyumba na shimo la maji taka. Mzee jirani, Mgogo wa hapohapo, aliwaonyesha kuweka majivu kuzunguka mche dhidi ya mchwa.

Mvua ya pili ilikuwa ya uzio na zabibu. Baba alitaka minyaa, kwa kuwa inastahimili ukame na mbuzi hawaili. Mama alikataa. Utomvu wake mweupe ukiingia machoni huunguza vibaya, na watoto huvunja kila wanachokifikia. Mbono nao ulikatwa kwenye orodha kwa sababu mbegu zake ni sumu. Wakapanda michongoma, ina miiba, lakini mtoto huiona na kuiheshimu. Zabibu, zao linalojulikana la Dodoma, zilipewa kichanja karibu na jiko la nje.

Mvua ya tatu, inayosubiriwa sasa, itakuwa ya mifereji ya bati na tangi la juu lenye mfuniko. Pevingi zitarudi mvua ya nne, tena njia ya miguu tu, baada ya kila bomba kuwa limeshapita.

Maji ya uso

Mpaka hapo, miti inaishi kwa maji ya kuogea. Mkoa huu, hasa Kongwa, umepambana na trakoma kwa miaka mingi. Ugonjwa huo wa macho huenezwa na mikono, vitambaa na nzi, na kunawisha watoto uso ni sehemu ya kinga. Mama aliacha kuona maji hayo kama hasara. Watoto wananawa juu ya beseni, na beseni linamwagwa kwenye mti. Mchicha haupewi maji hayo; unapata maji safi, kwani ndio unaoingia sufuriani.

Kwa mzazi mwenye kiwanja cha aina hii, kazi ya kwanza haihitaji fedha. Subiri mvua moja kubwa, simama barazani, utazame maji yanakopita. Alasiri moja tazama jua linapopiga. Kisha zunguka nyumba ukiwa umeinama kwa kimo cha mtoto wako mdogo, uone anachoweza kukifikia.

Jioni huko Iyumbu, yule mtoto wa shimoni, sasa ana miaka mitano, hubeba beseni kwa mikono miwili mpaka kwenye mwarobaini wake. Mti umeshafika usawa wa lenta. Bibi bado anaanika nguo upande uleule, na bado anageuka akisikia mlio wa maji.