Mwanafunzi wa Gamalieli

Wengi wetu tulilelewa na neno "zeruzeru". Leo usharikani tunasema mtu mwenye ualbino, na hakuna baraza lililokaa kupitisha hilo. Wenye ualbino wenyewe walieleza jinsi neno la zamani lilivyowafanya waonekane kama mizimu, na katika nchi ambako wenzao wamekatwa viungo kwa sababu ya ushirikina, hapakuwa na la kubishania. Ndivyo ilivyo kwa kipofu na kiziwi, ambao lugha imewaweka ngeli moja na kiti na kikapu. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba kuchunga maneno ni ugonjwa ulioletwa na vyuo vya Marekani, hatumkubalii. Waswahili wana tafsida zao, na Paulo aliwaagiza Waefeso kwamba kinachotoka kinywani kijenge.

Tunalitanguliza hilo ili asiwepo wa kudhani tunatetea matusi. Lililoligawa darasa letu la Biblia la Ijumaa lilikuwa jingine.

Binti mmoja wa usharika wetu anasoma mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa nchini. Ushirika wa wanafunzi Wakristo pale ulimwalika mhadhiri asiyeamini kwamba Mungu yupo, ajibizane na mchungaji mbele ya wanafunzi. Matangazo yakabandikwa. Siku mbili kabla, mjadala ukafutwa, eti utawakwaza walio wachanga katika imani. Alipokuja likizo alitusimulia, kisha akauliza, "Baba zangu na mama zangu, kama tunalo neno la kweli, tulikuwa tunamkinga nani?"

Wa kwanza kumjibu alikuwa mama ambaye mwanawe aliacha kanisa akiwa chuoni. Alisema mtoto haachwi kuvuka barabara kuu peke yake kwa sababu tu siku moja atalazimika kuvuka. Hilo halikuwa neno dogo, na kwa muda hakuna aliyetaka kulijibu.

Mzee mmoja akatukumbusha Mlimani, Dar es Salaam, mwaka 1970, serikali ilipolifunga Cheche, gazeti la wanafunzi. Walioliandika hawakuwa maadui wa Ujamaa. Waliutaka uende mbali zaidi. Wakaambiwa, pamoja na mengine, kwamba jina lao limeazimwa Urusi, na nchi haihitaji itikadi ya kuazima. Kazi ikaendelezwa kwa jina la MajiMaji, ambalo hakuna angeweza kusema limetoka Urusi. Mzee alicheka alipofika hapo, nasi tukacheka.

Mambo ya namna hii hayafanywi na serikali peke yake. Machi 2017, katika chuo cha Middlebury kule Vermont, Marekani, wanafunzi walimgeuzia mgongo Charles Murray na kupaza sauti mpaka akashindwa kuhutubia. Kitabu alichoshiriki kukiandika mwaka 1994 kilizungumzia akili na rangi za watu kwa namna inayomchukiza Mwafrika yeyote, sisi tukiwamo. Lakini Profesa Allison Stanger, aliyekuwa pale ili amhoji, na ambaye hakukubaliana naye, ndiye aliyeumizwa shingo na kundi walipokuwa wanatoka. Mwezi huohuo Robert George na Cornel West walitoa tamko la pamoja la kutetea uhuru wa kusema na wajibu wa kumsikiliza mpinzani. George ni Mkatoliki mhafidhina. West amekulia kwa Wabaptisti, na katika siasa yuko mrengo wa kushoto. Ni vigumu kupata jambo la siasa wanalokubaliana, lakini waliwahi kufundisha darasa moja pamoja pale Princeton. Sisi tunaamini darasa lile lilisema zaidi kuliko tamko.

Ndipo tukafungua Matendo ya Mitume. Gamalieli, mwalimu wa sheria, analishauri baraza liwaache mitume: kama jambo lao ni la wanadamu litavunjika lenyewe, na kama ni la Mungu hawataliweza. (Wakamkubali, lakini viboko wakawachapa palepale.) Sura mbili mbele, watu wanaziba masikio na kupiga kelele ili wasimsikie Stefano, kisha wanampiga mawe. Anayewekewa nguo zao ni kijana Sauli. Nani alimfundisha Sauli? Yeye mwenyewe anajibu katika sura ya 22: Gamalieli. Mtu aliyesomeshwa na mwalimu yule alisimama upande wa walioziba masikio. Na huyohuyo baadaye anasimama Areopago mbele ya wasomi wa Athene. Wengine wanamdhihaki, wengine wanasema watamsikia tena, na wachache, Dionisio na Damari wakiwamo, wanaamini.

Hatusemi kila sauti ipewe kipaza sauti. Mwaka 1994 redio ya RTLM iliwaita Watutsi mende na kuwataja waliotakiwa kuuawa. Huko ni kuua kwa kinywa. Lakini mhadhiri anayesema hakuna Mungu hajamwita jirani yake mende.

Tuliendelea mpaka saa tatu usiku. Mtu mmoja akamwuliza yule mama kwa upole kama anajua kilichomwondoa mwanawe kanisani. Akanyamaza, halafu akasema kijana alikuwa na maswali kuhusu mateso tangu dada yake alipofariki. Aliyapeleka kwenye ushirika wa chuoni, wakamwambia ana roho ya ubishi. Bado, alisema, hataki watoto wa wenzake waingizwe mtegoni. Hatukumbishia.

Tumeomba ukumbi wa usharika kwa Jumapili moja mchana, na baraza la wazee limekubali kwa kura chache. Mhadhiri alipopigiwa simu aliuliza swali moja tu: je, ataachwa amalize kusema? Mchungaji akamwambia ndiyo. Yule mama ameshika zamu ya chai siku hiyo. Amempigia mwanawe pia, na kijana amejibu kwamba ataangalia ratiba yake.