Barua Kutoka Ughaibuni: Mvua ya Mlimani Ndiyo Maji ya Kau

Manchester, Uingereza

Mjomba wangu mpenzi,

Natumai kijijini Kau, mwishoni mwa mto Tana, kumetulia, chumvi haijapanda mtoni, na mpunga umeshika vizuri.

Juzi nilifuatana na wenzangu wa kazini kwenda kulala hemani na kutembea milimani, katika bonde la Borrowdale, kaskazini mwa mji huu. Tulipiga hema Seathwaite, penye nyumba chache za wafugaji wa kondoo. Katika England nzima, hakuna mahali wanapoishi watu panaponyesha kuliko hapo: hupata kama milimita 3,500 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho Garissa haikipati hata ukijumlisha miaka kadhaa. Upepo hutoka bahari ya Atlantiki umebeba unyevu, ukagongana na milima, ukapanda, ukapoa, ukamwaga ulichobeba. Ndivyo pia Mlima Kenya na safu za Aberdare zinavyoukamua upepo unaotoka bahari yetu, sisi wa pwani tukabaki na mawingu yanayopita tu.

Mvua ilituanza jioni tukiwa bado twapigilia vigingi, ikanyesha hadi alfajiri. Asubuhi tulikunywa chai ya moto iliyochemshwa kwa jiko dogo la gesi, tukavaa makoti ya mvua na viatu vizito, tukashika njia. Tulivuka Stockley Bridge, daraja la mawe la zamani, tukapanda kuelekea Sty Head. Kila upande maji yalikuwa yakiteremka. Miamba ya huko ni migumu na udongo wake ni haba, kwa hiyo mvua haina pa kuzama; ikigusa ardhi tu, inakimbia. Vijito tulivyoviruka kwa hatua moja tukipanda, tulishikana mikono kuvivuka tukirudi.

Nia yetu ilikuwa kufika Scafell Pike, kilele kirefu kuliko vyote England, mita 978. Lakini tulipofika Sty Head, wingu lilikuwa limeshuka hadi usoni. Pale pana sanduku lenye machela, limewekwa tayari kwa ajili ya waokoaji wa milimani, watu wa kujitolea wanaoacha kazi zao usiku na mchana kwenda kumtafuta mtu wasiyemjua. Kiongozi wetu alitazama ramani, akatazama juu, akasema turudi. Hakuna aliyebisha. Niliipenda sana adabu hiyo ya kuusikiliza mlima.

Mjomba, pale juu nilikuwa nakufikiria wewe. Sisi tumezaliwa mwisho wa mto. Mto Tana una urefu wa kilomita kama 1,000, na sisi twaupokea mwishoni kabisa, karibu na Kipini, umekwisha kupita kwa kila mtu. Mwajua vyema kuusoma: bamvua ikija, bahari husukuma maji matamu yakapanda hadi mashambani, mpunga ukanywa; lakini mto ukipungua nguvu, ni chumvi inayopanda. Na mafuriko makubwa hutujia jua likiwaka, hakuna hata tone lililoanguka Kau, kwa kuwa mvua yenyewe ilinyesha Nyeri na Murang'a siku nyingi nyuma. Utotoni niliyachukua maji hayo kama jambo linalotoka kusikojulikana. Sasa nimesimama mahali maji ya namna hiyo yanapoanzia, nikayaona yakikusanyika kijito kwa kijito, na nimeamini kwamba mafuriko yana njia na yana muda wa safari. Chenye njia na muda kinaweza kutangulizwa habari.

Watu wa huku hawakulijua hilo kwa werevu tu. Wamefunzwa na msiba. Mto Derwent unaotoka bonde hilo ulifurika Novemba 2009, ukauzamisha mji wa Cockermouth. Desemba 2015 ikaja tufani waliyoiita Desmond, na katika njia ya Honister, jirani na tulipolala, zilipimwa milimita 341.4 kwa saa 24. Leo vipimo vya kina cha mito vinatangazwa kwa wote, na mtu aliye bondeni hupata onyo kwenye simu yake. Nyumba bado huingia maji. Lakini mzee apata muda wa kuondolewa, na mifugo yapata muda wa kupandishwa juu.

Kuna jambo jingine. Maji ninayokunywa hapa Manchester yatoka katika milima hiyohiyo, bwawa la Thirlmere. Wakubwa wa mji walijenga ukuta, maji yakaanza kufika mjini mwaka 1894, yakiteremka yenyewe karibu kilomita 150 bila pampu. Makazi ya watu ya Armboth na Wythburn yalizama. Nilipopita kando ya bwawa lile niliwaza mabwawa ya Tana: Masinga, lililokamilika 1981, na Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Taa za Nairobi kwa sehemu zinawaka kwa maji ya Tana, na mabomba yake pia yanategemea vijito vya mto huo. Siwaonei wivu watu wa Nairobi. Nao ni watu, wana haki ya taa na maji. Ninachotaka ni wao wajue kwamba mto hauishii bwawani. Lango likifungwa, shamba la Ozi huko kwetu bondeni laingia chumvi; bwawa likijaa likafurika, Mpokomo, Mworma na Mswahili wa bondeni wanahama pamoja. Mwayakumbuka mafuriko ya Novemba 2023, barabara ya Garsen hadi Lamu ilivyokatika Gamba. Anayefaidi maji ya juu ana deni kwa aliye chini, na sehemu ya kwanza ya deni hilo ni habari: ya mapema, kwa lugha inayoeleweka, imfikie hata asiye na redio.

Tusingoje serikali peke yake. Naomba mzungumze na wazee na vijana wa Kau. Simamisheni nguzo pale bandarini, itiwe alama za kina, na kijana mmoja aandike daftarini kila asubuhi maji yamefika wapi, bamvua na maji mafu. Kisha mpate mtu Garissa, mwingine Hola, mwingine Garsen, wapigiane simu maji yakianza kupanda huko. Kutoka Garissa hadi kwetu mto huchukua siku kadhaa. Siku hizo zatosha kuhamisha watoto, mbegu na ng'ombe. Baada ya misimu michache daftari litakuwa ushahidi: ofisi ya kaunti ikiulizwa, hakuna atakayesema watu wa Kau wanalalamika bila hesabu.

Fedha za nguzo, daftari na muda wa simu nimezituma kwa dada. Akikuletea, anzeni kabla ya masika, na uniandikie kipimo cha kwanza.

Msalimie shangazi na wote wa mtaani.

Mpwa wako akupendaye