Sweta Kumi na Nne

Apitaye mbele ya duka la sare za shule aghalabu hudhani kwamba hakuna biashara nyepesi kuliko hiyo. Nguo ni zile zile kila mwaka, mitindo haibadiliki, na mnunuzi hana hiari. Lakini mama mmoja mwenye duka la namna hiyo katika mtaa mmoja wa Kampala anajua kuwa sivyo. Huuza sare za shule sita. Kila shule ina mavazi manne, yaani shati, sketi, kaptura na sweta, na kila vazi lina vipimo vinane. Hayo ni mafungu 192, na mzazi aliyekuja kutafuta sweta ya damu ya mzee kipimo cha 30 hawezi kupewa ya kijivu ya 26 akaridhika. Duka laweza kujaa hadi darini na bado likakosa kitu cha kuuza.

Hayo aliyajua kwa uchungu. Mwanzoni mwa mwaka 2020 alikuwa amekwisha kuwalipa mafundi wake. Mwezi wa Machi shule zikafungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na ingawa baadhi ya madarasa yalirudi kwa muda, shule hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Watoto nao hawakungoja, walikua. Wazazi waliofurika dukani siku hizo walitaka vipimo vikubwa, na rafu zilikuwa zimejaa vidogo. Daftari lake halikumsaidia kitu, kwani lilisema tu "sweta 40", bila kueleza za nani wala za kimo gani.

Mwaka uliofuata alimwendea jirani yake, mwalimu kijana afundishaye mambo ya kompyuta, amtengenezee programu ya kuhesabia mali. Zile ziuzwazo tayari walizijaribu wakaziacha. Zilifaa zaidi duka la sabuni na sukari, ambako kitu kina jina moja na bei moja. Mwalimu akatengeneza ya duka lile peke yake. Kila fungu lilipewa alama yake, iliyoandikwa kwa mkono juu ya kikaratasi, na programu ilifanya kazi hata pasipo intaneti. Ilijua pia kuonya mapema. Iwapo fundi huchukua majuma mawili kuleta mashati, na mashati kumi ya kipimo fulani huuzwa kila juma, basi onyo halikungoja yaishe, bali lilitokea yakibaki ishirini na ushei. Mama alifurahi kama mtu aliyewashiwa taa chumbani.

Dukani alisaidiwa na mtoto wa kaka yake, kijana mpole asiye na maneno mengi. Muhula wa kwanza ulipotulia, wakahesabu mali yote. Programu ilisema sweta za kijivu za kipimo cha 30 ni 22. Rafuni zilikuwako 8.

Kumi na nne hazipotei kwa upepo. Mama alimtazama kijana, naye kijana akatazama chini, na huo ukahesabiwa kuwa ushahidi. Maneno yaliyosemwa jioni ile hayana haja ya kurudiwa. Kijana alisema mara moja tu, "Shangazi, mimi sikuchukua," akachukua koti lake akaenda zake. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Kwa upande wa kaka mtu, simu haikupokelewa.

Aliyelifumbua jambo ni mwalimu, naye hakuanzia kwenye rafu. Alianzia kwenye fedha. Aliona kwamba katika muhula ule droo ilikuwa imezidi hesabu ya programu kwa shilingi 22,000. Mama alikuwa ameiona ziada hiyo, akanyamaza. (Fedha zikipungua watu huitwa mmoja mmoja kuulizwa, zikizidi hakuna aitwaye.) Mwalimu akauliza tofauti ya bei kati ya sweta ya 28 na ya 30. Ilikuwa shilingi 2,000. Hapo wakainama chini ya meza ya kuuzia, na ndani ya boksi wakakuta sweta 11 za kipimo cha 28, zimekunjwa vizuri, zikingoja kupigwa pasi.

Wazazi walikuwa wamezirudisha kwa kuwa ziliwabana watoto. Kijana aliwapa za 30, akapokea nyongeza, akaitia drooni. Lakini programu ilikuwa na mahali pa kuingiza na mahali pa kuuza tu; pa kubadilisha hapakuwapo, naye hakuambiwa afanyeje. Zilizosalia tatu zilikutwa kabatini, zimefungwa pamoja na majina ya wazazi wanaolipa kidogo kidogo. Zilitolewa rafuni, ila hazikuwa zimeuzwa.

Kosa basi lilikuwa la nani? Mwalimu alikiri kwamba hakuwahi kusimama dukani hata asubuhi moja ya mwezi wa Februari kutazama jinsi watu wanunuavyo. Hilo lapaswa kutangulia programu yoyote. Lakini programu haikumwita mtu mwizi. Aliyefanya hivyo ni shangazi, naye alilijua. Jumapili alifunga safari hadi nyumbani kwa kaka yake, akaomba radhi mbele ya wifi yake na watoto, jambo ambalo halikumjia kwa urahisi.

Kijana alirudi Jumatano. Alionyeshwa kurasa mbili mpya, moja ya kubadilisha, ambamo sweta moja huingia na nyingine hutoka kwa mara moja, na moja ya nguo zilizowekewa watu. Alizijaribu kimya kimya, akasema zinafaa. Kisha akaomba jambo moja liongezwe.

"Droo ikizidi, Shangazi, nayo itoe onyo, kama itoavyo ikipungua."

Mwalimu aliliongeza siku ile ile.